Kiangazi na Hadhira Iliyohamishwa: Uhakiki wa Upangaji wa Vipindi vya Televisheni nchini Marekani

Utangulizi

Katika televisheni ya Marekani, mwaka wa utangazaji haulingani na mwaka wa kalenda. Huanza wiki za mwisho za Septemba na hufungwa wiki za mwisho za Mei. Miezi iliyobaki, yaani Juni, Julai, Agosti na sehemu kubwa ya Septemba, kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa nje ya msimu. Ilikuwa miezi ya marudio, ya vipindi vya kujazia nafasi, na ya tamthilia ambazo wakuu wa mashirika ya utangazaji hawakuwa na imani nazo. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja, na ilirudiwa hadi ikachukuliwa kuwa kanuni ya maumbile: wakati wa kiangazi watu hawatazami televisheni.

Makala haya yanaihakiki kauli hiyo. Hayakusudii kuikanusha yote, kwa kuwa ina ukweli wake, na ukweli huo utaelezwa. Kinachoshikiliwa hapa ni kwamba utupu wa kiangazi ulitengenezwa kwa kiasi kikubwa na ratiba zilezile zilizodai kuufuata, na kwamba kila mara kiangazi kilipothibitisha kuwa kina hadhira, mashirika makuu yaliichukua hadhira hiyo na kuihamishia miezi yenye thamani kubwa kwa wauzaji wa matangazo, yakakiacha kiangazi kikiwa kitupu kama awali. Mifano imechukuliwa Marekani kwa sababu ndiko mpaka kati ya msimu na nje ya msimu ulikokuwa mkali, na ndiko takwimu za watazamaji zilikotangazwa hadharani kwa muda mrefu.

Neno lenyewe lahitaji tahadhari. Kiangazi kinachozungumziwa ni cha nchi za kaskazini, kati ya Juni na Agosti. Kwa mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki miezi hiyo ni ya kipupwe, upepo wa kusi ukivuma na hewa ikipoa, na jua huzama karibu saa ileile linayozama mwaka mzima. Jijini New York hali ni nyingine kabisa. Mwishoni mwa Juni jua huzama yapata saa mbili na nusu usiku. Katikati ya Desemba huzama yapata saa kumi na nusu alasiri. Vipindi vikuu vya jioni huanza saa mbili. Kwa hiyo mtazamaji wa Juni anaombwa kuingia ndani na kuketi mbele ya televisheni wakati mwanga wa mchana bado uko nje, jambo ambalo mtazamaji wa Dar es Salaam hajawahi kuombwa. Asiyelizingatia hili ataona kauli ya wakuu wa mashirika kuwa upuuzi mtupu, na si upuuzi.

Kipimo na kinachopimwa

Kampuni ya Nielsen, ambayo ndiyo mpimaji mkuu wa hadhira ya televisheni nchini humo, imekuwa ikitoa tarakimu mbili zinazochanganywa mara kwa mara katika mijadala. Ya kwanza, itakayoitwa hapa kiwango, ni asilimia ya kaya zote zenye televisheni ambazo zilitazama kipindi fulani. Ya pili, itakayoitwa mgawo, ni asilimia ya kaya zilizotazama kipindi hicho miongoni mwa zile zilizokuwa zimewasha televisheni wakati huo. Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima la kiangazi.

Chukua mfano wa kubuni wa kaya 100. Jioni ya Januari kaya 60 zimewasha televisheni, na 12 kati yake zinatazama tamthilia fulani: kiwango chake ni 12, mgawo wake ni 20. Jioni ya Julai kaya 45 zimewasha, na 9 zinatazama tamthilia ileile: kiwango kimeshuka hadi 9, lakini mgawo umebaki 20. Tamthilia haijapoteza chochote cha mvuto wake. Kilichopungua ni idadi ya watu waliopo kuvutwa. Anayesoma kiwango peke yake atasema kipindi kimedhoofika kwa robo nzima. Anayesoma mgawo atasema kimesimama palepale. Historia ya kiangazi imeandikwa zaidi na wasomaji wa aina ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo tarakimu hizi haziwezi kulisema hata zikisomwa kwa uangalifu. Zinapima utazamaji wa kile kilichotolewa. Kaya iliyozima televisheni jioni ya Julai inaingia katika hesabu kama kaya isiyotazama. Haielezwi kama imeizima kwa sababu ya jua, safari, au kwa sababu vituo vyote vitatu vikubwa vilikuwa vinarudia kile ambacho kaya hiyo ilikiona Februari. Ikiwa marudio huonyeshwa kwa sababu watazamaji ni wachache, na watazamaji ni wachache kwa kiasi fulani kwa sababu yanaonyeshwa marudio, basi takwimu ya Julai inatumika kama ushahidi wa jambo ambalo yenyewe imesaidiwa kulizaa. Hii ni mantiki ya duara, na haikuhitaji hila ya mtu yeyote ili idumu. Ilihitaji tu kwamba kila shirika lifanye kama wenzake.

Njia ya kuuvunja mduara ni kutafuta nyakati ambapo kiangazi kilipewa kitu kipya na chenye uzito. Michezo ya Olimpiki ni mfano wa wazi, kwa kuwa kalenda yake haitungwi na mashirika ya utangazaji peke yao. Ile ya London, kuanzia Julai 27 hadi Agosti 12, 2012, ilipata kupitia NBC wastani wa takribani watazamaji milioni 31 kila jioni, katikati kabisa ya majira ambayo hadhira ilisemekana haipo. Tena sehemu kubwa ya mashindano ya jioni ilikuwa imerekodiwa saa kadhaa kabla na matokeo yalikwisha kujulikana. Hata hivyo Olimpiki ni tukio la pekee, na ingekuwa si haki kuihukumu ratiba ya kila mwaka kwa kipimo chake. Ushahidi unaofaa zaidi uko katika vipindi vya kawaida.

Wiki kumi na tatu

Desturi ya kiangazi ilirithiwa kutoka redio, ambako wasanii wakubwa walikwenda mapumziko na nafasi zao zikashikwa na vipindi mbadala hadi warudi. Televisheni ya miaka ya 1950 iliipokea desturi hiyo kwa hesabu nyepesi: sehemu mpya 39 kwa mwaka, na wiki 13 zilizobaki kukamilisha 52 zikaachiwa marudio au vipindi mbadala. Kazi ya kupiga picha ilikuwa nzito, na waigizaji na mafundi walihitaji kupumzika. Baadaye gharama zilipopanda, idadi ya sehemu mpya ilipunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia miaka ya 1980 tamthilia nyingi zilikuwa na sehemu kati ya 22 na 24 kwa msimu. Wiki za marudio ziliongezeka kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo desturi iliyoanza kama mapumziko ya robo mwaka ilikuja kutafuna zaidi ya nusu ya mwaka, ingawa marudio mengine yalitawanywa ndani ya msimu wenyewe na hayakuonekana sana.

Si haki kuyalaani marudio kwa jumla. All in the Family ilianza CBS Januari 1971 ikiwa na watazamaji wachache. Ilikuwa ni marudio ya kiangazi cha mwaka huo yaliyoifikisha kwa watu ambao hawakuiona mara ya kwanza, na katika msimu wa 1971–72 ikawa kipindi cha kwanza nchini kwa wingi wa watazamaji. Cheers nayo ilianza vibaya katika NBC mwaka 1982 na kupata nguvu katika marudio ya kiangazi kilichofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1990 NBC iliyatangaza marudio yake kwa hoja kwamba kipindi ambacho mtazamaji hajakiona ni kipya kwake. Hoja hiyo ilichekwa, lakini ina ukweli kuliko ilivyodhaniwa. Marudio yana faida kwa kazi ambayo haijajulikana. Tatizo ni kwamba mashirika yaliyatumia kwa kazi zote, hata zile ambazo kila mtu alikwisha kuziona.

Kimsuko, pengo la kiangazi lilizaa mbinu yake. Machi 21, 1980 CBS ilifunga msimu wa Dallas kwa J.R. Ewing kupigwa risasi na mtu asiyeonyeshwa. Jibu lilitolewa Novemba 21, miezi minane kamili baadaye, kwa kuwa mgomo wa waigizaji ulichelewesha msimu mpya. Sehemu hiyo ilipata kiwango cha 53.3 na mgawo wa 76: zaidi ya nusu ya kaya zote zenye televisheni, na zaidi ya robo tatu ya zile zilizokuwa zimewasha. Katika nadharia ya fasihi taharuki huelezwa kama sifa ya matini, yaani namna mtunzi anavyomnyima msomaji habari kwa muda. Hapa anayenyima si mtunzi peke yake. Ni kalenda pia. Ukimya wa miezi minane ukawa sehemu ya hadithi, na magazeti, mazungumzo na kamari vikaujaza.

Somo ambalo mashirika yalilipata kutokana na Dallas lilikuwa kwamba njaa ya kiangazi ina faida. Ni somo la kweli kwa nusu tu. Njaa huongeza hamu ya chakula kinachojulikana. Tamthilia ambayo haijajijengea wapenzi haipati chochote kwa kutoweka, na tamthilia za namna hiyo daima ni nyingi kuliko zenye wapenzi.

Kiangazi cha 1991 na cha 2000

Fox lilikuwa shirika changa na dhaifu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na udhaifu huo ndio uliolipa uhuru. Beverly Hills, 90210 ilianza Oktoba 1990 na kuwekwa Alhamisi saa tatu usiku, saa ileile ya Cheers. Katika msimu wa kawaida hapakuwa na namna ya kushindana. Lakini Julai 11, 1991 Fox lilianza kuonyesha sehemu mpya za tamthilia hiyo, wanafunzi wa hadithi wakiwa likizoni ufukweni kama walivyokuwa watazamaji wao, huku Cheers ikiwa katika marudio. Vijana waliokuwa hawajaijua tamthilia hiyo waliikuta wakati huo, na ilipofika Septemba haikuwa tena tamthilia ya pembeni. Ushindani haukuwa umeshindwa. Ulikuwa umeondoka nyumbani na kuacha mlango wazi.

Mfano huu una uzito kuliko inavyoonekana. Hadhira iliyopatikana ilikuwa ya vijana, kundi lilelile lililotajwa kila mara kuwa la kwanza kuikimbia televisheni shule zinapofungwa.

Survivor inahitaji kujadiliwa kwa kirefu. CBS iliirusha kuanzia Jumatano Mei 31, 2000, mara tu msimu rasmi ulipokwisha, yaani katika nafasi ambayo kosa lake lisingegharimu sana. Watu 16 waliwekwa katika kisiwa cha Pulau Tiga, Malaysia, kwa siku 39, na wakawa wanatoana mmoja mmoja kwa kura. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu wapatao milioni 15 na nusu. Ya mwisho, Agosti 23, ilitazamwa na watu wapatao milioni 51.7.

Maelezo ya kawaida ya mafanikio haya hutaja upya wa aina hiyo ya kipindi na ukatili wake. Yote mawili ni kweli, lakini hayaelezi kwa nini tarakimu ilipanda wiki baada ya wiki ndani ya Juni na Julai, wakati idadi ya televisheni zinazowashwa hushuka. Jibu liko katika muundo. Kuanzia Mei 31 hadi Agosti 23 kuna Jumatano 13, na kipindi kilikuwa na sehemu 13. Ni wiki zilezile 13 ambazo hesabu ya miaka ya 1950 iliziacha zijazwe na chochote kitakachopatikana. Kipindi kilizichukua kama jumba lenye vyumba vya kutosha kwa hadithi moja yenye mwanzo, kati na mwisho. Kila wiki mtu mmoja aliondoka na hakurudi, kwa hiyo kila wiki iliyokoswa ilikuwa hasara. Wapanga ratiba walikuwa wameamini kwamba mtazamaji wa kiangazi huja na kuondoka kama mgeni, na kwamba apewe vipande vinavyojitegemea, visivyomdai kukumbuka lolote. Survivor ilimdai ahudhurie kila Jumatano, naye akahudhuria, akaleta na majirani.

Yafaa kuongeza kwamba hili halikuwa jambo geni kabisa katika historia. Kipindi cha chemsha bongo cha The $64,000 Question kilianzishwa na CBS Juni 1955, na katika msimu wa 1955–56 kikawa cha kwanza kitaifa, kikiiondoa I Love Lucy katika nafasi hiyo. Who Wants to Be a Millionaire, iliyochukuliwa kutoka Uingereza, ilianza katika ABC Agosti 1999. Kila kizazi cha wapanga ratiba kilishuhudia kiangazi kikijaa, na kila kizazi kilieleza tukio hilo kama bahati.

Kuhamishwa

Kilichofuata baada ya kila mafanikio ndicho kinachofichua jinsi mashirika yalivyokielewa kiangazi. Northern Exposure ilianza Julai 1990 kwa sehemu nane tu, ikapendwa, na iliporudi ilirudi Aprili 1991. Seinfeld ilionyeshwa kwa majaribio Julai 5, 1989, ikapewa sehemu nne katika kiangazi cha 1990, na mara ilipoonyesha dalili za uhai ikahamishiwa Januari 1991. Millionaire ilirudishwa Novemba 1999, na kuanzia Januari 2000 ikawekwa jioni kadhaa kwa wiki, hadi watazamaji wakakinai. Mwaka 2002 ikaondolewa katika ratiba ya jioni ya ABC. Survivor ya pili ilianza Januari 28, 2001, mara baada ya fainali ya mpira wa Marekani, na tangu hapo kipindi hicho hakikurudi tena katika kiangazi kilichokizaa. American Idol ilianza katika Fox Juni 11, 2002, ikafungwa Septemba mbele ya watazamaji wapatao milioni 23, na ya pili ikaanza Januari 2003.

Kwa mtazamo wa mhasibu, uhamisho huu ulikuwa wa busara. American Idol ilitawala orodha ya vipindi vinavyotazamwa zaidi kwa misimu minane mfululizo, kuanzia 2003–04 hadi 2010–11, jambo ambalo lisingetokea katika Juni na Julai. Kila Mei mashirika huwaonyesha wauzaji wa bidhaa ratiba ya msimu ujao na kuwauzia mapema sehemu kubwa ya nafasi za matangazo. Aidha, kwa miongo kadhaa Nielsen ilipima vituo vya mikoani kwa kina katika miezi minne ya mwaka: Novemba, Februari, Mei na Julai. Bei za matangazo za vituo hivyo zilitegemea vipimo hivyo, na kati ya miezi hiyo minne Julai ndiyo iliyodharauliwa. Shirika lenye kipindi chenye nguvu lilikuwa na kila sababu ya kukipeleka mahali kitakapolipwa zaidi.

Lakini busara ya mhasibu haimalizi uhakiki. Kinachoonekana katika mifuatano hii ni kwamba mafanikio ya kiangazi yalisomwa kama kosa la kalenda lililopaswa kusahihishwa. Kipindi kilichoshindwa Julai kilithibitisha kwamba Julai haina watazamaji. Kilichofaulu kilithibitisha kwamba hakikustahili kuwa Julai. Kanuni ambayo matokeo yote mawili huithibitisha haiwezi kukosolewa na takwimu yoyote, na ndiyo maana ilidumu mbele ya takwimu nyingi kiasi hicho. Waliolipa gharama ni watazamaji waliobaki nyumbani katika miezi hiyo: wazee, wafanyakazi wasio na likizo ya kulipwa, familia zisizo na fedha za safari. Kwa ratiba, watu hawa hawakuwepo. Waliporudi kuhesabiwa Septemba walikuwa wakihesabiwa pamoja na wengine.

Big Brother ndiyo iliyobakizwa. CBS iliianza Julai 5, 2000, wiki tano baada ya Survivor, na imekuwa kipindi cha kiangazi tangu wakati huo. Sababu si siri: ni ya gharama ndogo, huonyeshwa jioni kadhaa kwa wiki, na hutumika kuziba nafasi nyingi. Mgomo wa waandishi wa 2007–08 ulipokausha hazina ya tamthilia, CBS iliipeleka Februari 2008. Kiangazi kilikuwa kimekuwa ghala ambamo msimu unaweza kuchota unapopungukiwa.

Waliokaa kiangazi

Chaneli za kebo hazikufungwa na kalenda ya Septemba. HBO, isiyotegemea matangazo, ilianza Sex and the City Juni 1998. USA Network ilianza Monk Julai 2002, na hapa pana kioja cha kufurahisha: ABC, moja ya mashirika makuu, ilinunua haki ya kuirudia tamthilia hiyo katika ratiba yake ya kiangazi hichohicho. Shirika kubwa lilikuwa likijazia pengo lake kwa marudio ya chaneli ndogo. TNT ilianza The Closer Juni 2005, na AMC ilianza Mad Men Julai 19, 2007, wakati ambapo tamthilia isiyo na nyota wakubwa na isiyo na haraka isingeonekana kama ingewekwa Oktoba.

Kwa uhakiki wa kifasihi, kipindi hiki ndicho chenye matunda zaidi. Chaneli za kebo zilikuwa na fedha kidogo, kwa hiyo zilitunga misimu ya sehemu 13 au chini yake. Ufinyu huo ulibadilisha utunzi. Tamthilia ya sehemu 22 inalazimika kuwa na visa vya kupitisha wiki. Tamthilia ya sehemu 13 inaweza kuwa na msuko mmoja unaobana. Northern Exposure ilikuwa imeonyesha hivyo mapema kwa sehemu zake nane za 1990, ambazo zina umoja wa hali na mahali kuliko misimu yake mirefu ya baadaye. Msimu mfupi, ambao leo huhesabiwa kuwa alama ya tamthilia nzito, kwa sehemu kubwa ni mtoto wa kiangazi na wa umaskini wake.

Breaking Bad inaonyesha upande wa takwimu. Msimu wake wa tano ulianza Julai 2012 ukiwa na watazamaji wapatao milioni 2.9. Nusu ya pili ilianza Agosti 11, 2013 kwa takribani milioni 5.9, na sehemu ya mwisho, Septemba 29, ikafikia milioni 10.3. Hadhira iliongezeka zaidi ya mara tatu ndani ya mwaka mmoja na miezi michache, na karibu ongezeko lote lilionekana kati ya Julai na Septemba. Sehemu ya sifa ni ya Netflix, ambako watu waliziona sehemu za awali kwa wakati wao wenyewe. Kazi ambayo marudio ya kiangazi yaliifanyia All in the Family mwaka 1971 sasa ilifanywa na maktaba ya intaneti.

Mashirika makuu yalijaribu kurudi. Under the Dome, iliyotokana na riwaya ya Stephen King, ilianza katika CBS Juni 24, 2013 mbele ya watazamaji wapatao milioni 13.5, na Amazon ilishiriki kuilipia kwa kupewa haki ya kuionyesha siku nne baada ya kila sehemu. Mpango wa fedha ulikuwa mzuri kuliko mpango wa hadithi. Mji uliofunikwa na kuba ni wazo lenye mwisho ndani yake. Kwa kuwa hadhira ilikuja, mwisho ukaahirishwa hadi msimu wa tatu, na hadhira ikapungua mwaka hadi mwaka hadi tamthilia ilipofungwa mwaka 2015. Hapa mtu hawezi kuilaumu Julai. CBS ilikuwa imejifunza kwamba kiangazi kina watu, lakini ikakiletea tabia ya msimu, yaani kunyoosha kinachouzika hadi kikatike.

Julai 2023 Nielsen iliripoti kwamba mashirika makuu yalipata asilimia 20.0 ya muda wote wa kutazama televisheni na kebo asilimia 29.6. Jumla ilikuwa chini ya nusu kwa mara ya kwanza, huku huduma za intaneti zikifikia asilimia 38.7. Haikuwa ajali kwamba jambo hilo lilitokea Julai na si Novemba, ambapo mpira huyainua mashirika makuu. Waandishi walikuwa katika mgomo tangu Mei 2, na waigizaji walijiunga nao Julai 14. Kilichotazamwa zaidi katika majuma hayo kilikuwa Suits, tamthilia ambayo USA Network iliianza Juni 2011 kama kazi ya kiangazi, na ambayo ilikuwa imekwisha miaka minne kabla. Iliwekwa Netflix Juni 2023, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imetazamwa nchini Marekani kwa dakika bilioni 57.7. Kwa istilahi ya zamani ya wapanga ratiba, yalikuwa marudio.